Nguzo inatozwa, transfoma haitozwi: kodi ya mauzo kwenye vifaa vya umeme Texas

Nyuma ya nyumba nyingi za Houston na Dallas kuna nguzo za mbao zilizobeba kila kitu: nyaya za msongo wa kati juu kabisa, transfoma ya kijivu chini yake, fyuzi, vikombe vinavyoshikilia nyaya, kifaa cha kukinga radi, na waya unaoshuka mpaka ukutani kwa mtu. Kwa fundi wa laini huo ni mfumo mmoja. Kimoja kikikosekana, taa haiwaki. Sheria ya kodi ya mauzo ya Texas inaona vinginevyo. Nguzo inatozwa kodi na nyaya zinatozwa, ila transfoma haitozwi. Fyuzi inayoilinda transfoma hiyo nayo haitozwi, lakini fyuzi ya aina ileile ikifungwa kwenye nguzo isiyo na transfoma, inatozwa.

Nimechagua Texas kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wabunge walikaa wakavitaja vifaa hivi kwa majina, kimoja kimoja, kwa hiyo mtu anaweza kuona wazi mstari ulipochorwa na kuuliza kwa nini ukachorwa hapo. Ndiko pia wanakoishi ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, wenye saluni, migahawa na kampuni ndogo za usafirishaji, na kila mwezi wanalipa bili ambayo kodi hii imo ndani bila kuandikwa popote.

Tuanze na kodi yenyewe, maana sisi tuliozoea VAT tunaweza kudhani ni kitu kilekile chenye jina jingine. Marekani haina VAT. Kuna majimbo 45 yanayotoza kodi ya mauzo, kila jimbo kwa sheria yake na kiwango chake, na kodi hiyo inakusudiwa kulipwa mara moja tu, na mtumiaji wa mwisho. Mwenye duka akinunua mali ya kuuza halipi. Anamwonyesha muuzaji cheti kwamba ananunua ili auze. Anayenunua akakitumia kitu mwenyewe ndiye anayelipa. Texas inatoza asilimia 6.25 kwa ajili ya jimbo, na miji, kaunti na mamlaka za usafiri zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 2. Houston na Dallas zote zimefika juu kabisa: asilimia 8.25.

Sasa fikiria kampuni ya umeme inayonunua nguzo. Haiuzi nguzo, inauza umeme. Kwa hiyo mbele ya sheria kampuni hiyo ndiyo mtumiaji wa mwisho wa nguzo, sawa na mtu aliyenunua jokofu la nyumbani kwake, na inatakiwa kulipa kodi yote. Hakuna mahali pa kuidai baadaye. Njia pekee ya kuikwepa kihalali ni kuwa na msamaha ulioandikwa, na hapo ndipo mvutano wote unapoanzia.

Msamaha mkubwa unaotegemewa ni ule wa viwanda. Karibu kila jimbo lina msamaha wa namna hiyo, na mantiki yake ni nzuri: mashine inayotengeneza bidhaa ya kuuzwa isitozwe, kwa sababu bidhaa yenyewe itatozwa ikifika kwa mlaji, na kutoza mara mbili ni kumwumiza mlaji huyohuyo. Texas inataka mashine iwe inasababisha badiliko la kimwili au la kikemikali kwenye bidhaa. Jenereta ya umeme inapita bila shida. Gesi inaungua, mvuke unasukuma tabo (turbini), umeme unatoka. Swali gumu ni hili: utengenezaji wa umeme unaishia wapi? Mahindi yakishasagwa ni unga, na lori linalopeleka unga sokoni halihesabiwi kuwa sehemu ya kinu. Lakini umeme unaotoka kwenye jenereta hautumiki nyumbani kwa mtu ulivyo. Unapandishwa msongo (volti), unasafirishwa, unapozwa, yaani unashushwa msongo, unasambazwa, unapozwa tena, na hapo tu ndipo unapofaa kuwasha feni. Je, huko njiani bado unatengenezwa, au unasafirishwa tu?

Jibu la Texas liko kwenye kifungu cha 151.318 cha sheria yake ya kodi, na ni jibu la kukatakata. Tulifuate kutoka kwenye mtambo mpaka nyumbani.

Jenereta imesamehewa. Kebo inayotoa umeme kwenye jenereta na kuupeleka kwenye transfoma ya kupandisha msongo imesamehewa. Transfoma hiyo yenyewe imesamehewa, mradi iko palepale kwenye kituo cha kuzalisha umeme. Swichi, breka, kepasita, rilei, fyuzi, vikombe na vipima vinavyohusiana na transfoma hiyo vimesamehewa pia. Ukivuka hapo unaingia kwenye laini kubwa, ambazo Texas nyingi ni za kilovolti 138 na 345, na mlango unafungwa: kifungu hichohicho kinasema msamaha hauhusu mali inayotumika kusafirisha au kusambaza umeme, kisha kinataja laini, mabomba ya kupitishia nyaya, minara na nguzo. Hapa kodi inalipwa.

Laini ikifika kwenye kituo cha kupoza umeme, mlango unafunguka tena. Transfoma inayoshusha msongo wa umeme uliozalishwa ili uuzwe imesamehewa, pamoja na vifaa vinavyohusiana nayo. Zingatia kwamba transfoma ya kupandisha imefungiwa kwenye kituo cha uzalishaji, lakini ya kushusha haikuwekewa mahali maalumu. Ndiyo maana transfoma ndogo ya juu ya nguzo, iliyo mita chache kutoka dirishani kwa mtu, nayo inaingia. Ukitoka kituoni kwenda mtaani, nyaya na nguzo zinatozwa. Ukifika kwenye transfoma ya mtaa, msamaha. Waya unaoshuka nyumbani, kodi.

Yaani umeme mmoja, katika safari moja, unaingia na kutoka kwenye utengenezaji mara kadhaa kabla haujafika.

Hoja inayoutetea mpangilio huu si ya kupuuzwa. Transfoma inabadilisha kitu kweli. Volti elfu kumi na mbili zikiingia nyumbani kwako zinaunguza nyumba. Zikishushwa mpaka 240 na 120 zinachemsha chai. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba bidhaa anayoinunua mteja, umeme wa volti 120, haikuwapo duniani mpaka transfoma ya mwisho ilipofanya kazi yake. Waya haubadilishi chochote kwa makusudi. Kazi yake ni kubeba.

Lakini hoja hiyo ukiishika kwa dhati, inavunja mstari uliouchora. Kwenye laini ndefu za usambazaji kuna kifaa kinachofungwa njiani kurekebisha volteji, kwa sababu umeme unapungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Kwa umbile lake, kifaa hicho ni transfoma ya aina ya pekee, na inaongeza au kupunguza volteji kwa hadi asilimia 10. Bila hicho, mteja wa mwisho wa laini anapata umeme hafifu usioendesha pampu yake. Kazi yake ni ileile ya kuufanya umeme uwe umeme unaotumika. Hata hivyo virekebisha volteji vinatajwa pande zote mbili za sheria: vikihusiana na transfoma ya kushusha vimesamehewa, vikikaa peke yao njiani vinahesabiwa kuwa vifaa vya kusambaza na vinatozwa. Kepasita hivyohivyo. Breka hivyohivyo. Neno linalobeba mamilioni ya dola hapa ni “kuhusiana”, na mtu wa kuamua kama kifaa fulani kinahusiana na transfoma au na laini mara nyingi ni mhasibu aliyekaa mbele ya orodha ya manunuzi, ambaye pengine hajawahi kukiona kifaa chenyewe kikiwa kimefungwa.

Na akikosea, mahakama haimwonei huruma. Texas, kama majimbo mengi, inafuata kanuni kwamba msamaha wa kodi unasomwa kwa kubanwa: penye shaka, serikali inashinda. Mfano mzuri ulitokea nje ya umeme, mwaka 2016, pale Mahakama ya Juu ya Texas ilipoikatalia kampuni ya Southwest Royalties iliyodai msamaha wa viwanda kwa mabomba na vifaa vya visima vya mafuta. Kampuni ilisema mafuta na gesi hubadilika hali yakitoka chini kuja juu, kwa hiyo vifaa vinashiriki kuyabadilisha. Mahakama ikasema badiliko hilo linaletwa na kupungua kwa shinikizo na joto njiani, na vifaa havikuonyeshwa kuwa ndivyo vilivyolisababisha. Mtu wa umeme akisoma hukumu ile anaelewa mara moja kwa nini ni heri kifaa chako kiwe kimetajwa kwa jina kwenye sheria kuliko kutegemea hoja ya fizikia.

Majimbo mengine yamejibu swali lilelile kwa njia nyingine kabisa. Ohio haikuhangaika na utengenezaji unaishia wapi. Sheria yake inasamehe vitu vinavyotumika moja kwa moja kutoa huduma ya umma, na inaeleza kwamba hivyo ni vitu vinavyounganishwa kwenye mfumo wa uzalishaji, usafirishaji au usambazaji na ambavyo, hata baada ya kuunganishwa, vinabaki kuhesabika kuwa mali inayohamishika, si sehemu ya ardhi. Sharti hilo la mwisho lina ugomvi wake, lakini kimsingi gridi yote iko upande mmoja. Missouri ilikwenda kinyume: mwaka 2001 mahakama yake ya juu, katika kesi ya kampuni ya Utilicorp, ilikataa kwamba kusafirisha na kusambaza umeme ni sehemu ya kuutengeneza. Colorado mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi. Mahakama yake ya juu ilisema kwamba kwa ajili ya msamaha ule wa mashine za viwandani, umeme si kitu cha kushikika, ni huduma. Na kama si kitu, basi hata anayeuzalisha hatengenezi bidhaa.

California ndiyo inayonishangaza zaidi. Mwaka 2017 wabunge wake walipanua punguzo la kodi la viwanda ili, kuanzia Januari 2018, liwaguse wanaozalisha, kuhifadhi na kusambaza umeme. Punguzo ni asilimia 3.9375 kutoka kwenye kiwango cha chini cha jimbo cha 7.25. Ili kuamua nani anastahili, walitumia namba za kitaifa za kuainisha biashara, wakaandika 22111 mpaka 221118, kisha 221122. Wakairuka 221121. Namba iliyorukwa ni ya usafirishaji wa umeme kwa laini kubwa. Kwa hiyo kule nyaya za mtaani zinaweza kupata nafuu na minara mikubwa isiipate, kwa sababu ya tarakimu moja.

Nani analipa hasa

Ukisikia kodi inatozwa kampuni ya umeme, ni rahisi kusema: walipe, wana hela. Laiti ingekuwa hivyo. Kampuni zinazomiliki nguzo na nyaya katika sehemu kubwa ya Texas, kama Oncor kwa upande wa Dallas na CenterPoint kwa Houston, ni za kusafirisha na kusambaza tu. Sheria iliyopitishwa mwaka 1999 iliwatenganisha wazalishaji, wasambazaji na wauzaji, na soko la wauzaji likafunguliwa mwaka 2002. Wenye nguzo hawakushindanishwa, kwa sababu hakuna maana ya kuweka nguzo mbili kwenye kichochoro kimoja. Bei zao zinapangwa na tume ya huduma za umma ya jimbo, kama EWURA inavyofanya Tanzania au EPRA Kenya. Nayo tume inahesabu hivi: jumla ya mali ambayo kampuni imewekeza, irudishwe kidogokidogo kwa miaka ambayo mali itatumika, pamoja na faida halali kwa fedha ambayo bado haijarudi.

Kodi ya mauzo iliyolipwa wakati wa kununua nguzo inaingia kwenye gharama ya nguzo. Haiandikwi pembeni kama kodi, inakuwa sehemu ya mali. Na mali inalipiwa faida.

Tufanye hesabu ya mfano. Kampuni inanunua nguzo na nyaya za dola milioni moja. Kwa asilimia 8.25, kodi ni dola 82,500. Tuseme mali hiyo inahesabiwa kudumu miaka 40 na faida inayoruhusiwa ni asilimia 7 kwa mwaka kwa kiasi ambacho hakijarudishwa. Mwaka wa kwanza wateja wanalipa sehemu ya arobaini ya ile kodi, yaani dola 2,062 na ushee, na juu yake faida ya dola 5,775. Kila mwaka faida inapungua kidogo. Ukijumlisha miaka yote 40, faida juu ya kodi peke yake inafika kama dola 118,000, na ukiongeza ile kodi yenyewe, wateja wamelipa zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya kodi ya dola 82,500. Sisemi kampuni imeiba. Ilitoa fedha yake siku ya kwanza, na fedha iliyokaa miaka 40 ina gharama. Ninachosema ni kwamba serikali ilipokea 82,500 na wananchi wakatoa maradufu na zaidi, na hakuna risiti yoyote iliyowaambia.

Hapo ndipo jambo hili linapouma. Texas imesamehe umeme wa matumizi ya nyumbani usitozwe kodi ya mauzo ya jimbo, ingawa miji imeruhusiwa kutoza sehemu yake. Msamaha huo uliwekwa kwa sababu ya wazi kabisa: umeme wa nyumbani, kwenye jimbo ambalo joto la Agosti linaweza kumwua mzee aliyekaa bila kiyoyozi, si anasa. Lakini kodi iliyofukuzwa mlangoni imeingia kwa dirishani, ndani ya gharama ya usambazaji, na inamkuta bibi anayelipia nyumba ndogo sawasawa na inavyomkuta mwenye bwawa la kuogelea. Tena wenye nyumba ndogo za pembezoni, ambako inahitajika nguzo nyingi kuwafikia wateja wachache, ndiko vifaa vinavyotozwa vilikojaa.

Mwenye biashara ana hali yake. Umeme wa dukani unatozwa kodi ya mauzo, na hiyo inahesabiwa juu ya malipo yote, pamoja na gharama ya kusambaza. Kwa hiyo mama mwenye mgahawa analipa kodi juu ya bili ambayo ndani yake tayari kuna kodi ya nguzo. Kiwanda kinaweza kuepuka kodi ya umeme kikithibitisha, kwa uchunguzi wa mhandisi, kwamba zaidi ya nusu ya umeme wa mita fulani unaendesha mashine za uzalishaji. Hata hivyo kodi ya nguzo inabaki ndani ya gharama yake, imejificha.

Kisha kuna suala la nani mwenye nguzo. San Antonio na Austin hazikuingia kwenye soko lile. CPS Energy ni mali ya jiji la San Antonio, na Austin Energy ni ya jiji la Austin. Mji ni serikali, na serikali hailipi kodi ya mauzo kwa manunuzi yake. Nguzo ya msonobari iliyokatwa msitu mmoja, ikisimamishwa San Antonio haina kodi, ikisimamishwa Houston ina asilimia 8.25. Mteja hakuchagua.

Houston yenyewe ilionja uchungu wa nguzo mwezi Julai 2024. Kimbunga Beryl kilipoingia tarehe 8, zaidi ya wateja milioni mbili wa CenterPoint walikosa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki, kwenye joto kali. Miti iliangukia nyaya, nguzo zikavunjika. Baada ya hapo kila mtu, kuanzia gavana mpaka mwenye nyumba, alidai gridi iimarishwe: nguzo imara zaidi, nyaya zaidi zifukiwe ardhini. Ni madai ya haki, na mimi nayaunga mkono. Lakini tazama orodha ya kazi hizo ukiwa na kifungu cha 151.318 mkononi. Nguzo, nyaya na mabomba ya kupitishia nyaya ardhini vyote viko upande wa kutozwa. Sheria imesamehe kile ambacho dhoruba haikukivunja sana na kutoza kile kilichoanguka.

Kwa mwenye kampuni ndogo

Wapo Waswahili wenye kampuni za kazi za umeme au wanaofanya kazi chini ya wakandarasi wakubwa wa laini, na kwao kuna jambo moja la kulijua kabla ya kutia saini. Texas inatofautisha mkataba wa jumla, ambapo unataja bei moja kwa kazi na vifaa, na mkataba uliotenganisha bei ya vifaa na bei ya kazi. Kwenye mkataba wa jumla wewe mkandarasi ndiye mtumiaji wa vifaa, unalipa kodi unaponunua, hata kama kifaa ni transfoma ambayo mteja wako angesamehewa angeinunua mwenyewe. Kwenye mkataba uliotenganishwa unanunua kama mwenye duka, unauza kwa mteja, naye anakupa cheti chake cha msamaha kwa vile vinavyostahili. Transfoma ileile, nguzo ileile, kazi ileile. Karatasi tu ndiyo tofauti. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakipoteza faida yote ya kazi kwa sababu walitaja bei moja ili “kurahisisha”.

Kampuni kubwa zina njia nyingine. Anayenunua vitu vya kutozwa kodi vya angalau dola 800,000 kwa mwaka anaweza kuomba kibali cha kulipa mwenyewe moja kwa moja kwa serikali: muuzaji hatozi kitu, na mnunuzi anapanga mwenyewe kipi kinatozwa na kipi hakitozwi. Kibali hicho kinawafaa wenye vifaa mchanganyiko, lakini kinahamishia mzigo wote wa uamuzi kwao. Mkaguzi anaweza kurudi nyuma miaka minne. Na aliyelipa kupita kiasi ana miaka minne hiyohiyo ya kudai. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache kampuni za umeme hukodi wataalamu wa kupitia ankara moja moja, wakitafuta breka na rilei zilizolipiwa kodi kimakosa. Nchi inayohitaji mainjinia wa gridi inawaweka watu hodari kubishana kama kikombe fulani kiliishikilia laini au transfoma.

VAT ingefanyaje

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza kwetu mambo yakoje. Kwenye risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, kuna mstari wa VAT (kiwango cha kawaida ni asilimia 18), mstari wa EWURA asilimia 1, mstari wa REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3. Tunalalamika kuhusu mistari hiyo, na tuna haki ya kulalamika. Lakini tunaiona. Shirika la umeme likinunua transfoma au nguzo kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, linalipa VAT, kisha linaitoa kwenye VAT iliyokusanywa kwa wateja, kwa kuwa umeme linaouza unatozwa kodi hiyohiyo. Nguzo na transfoma zinatendewa sawa. Hakuna anayehitaji kujua fyuzi inahusiana na nini. Kenya, kwa asilimia 16 yake, ni vivyo hivyo.

Sitaki kuipamba VAT. Mwaka ambao shirika linajenga sana, VAT ya manunuzi inaweza kuzidi VAT iliyokusanywa kwa wateja, na marejesho ya serikali yakichelewa, fedha ya ujenzi imelala. Tena kuna mtego wa neno “msamaha”: bidhaa iliyosamehewa VAT humfanya muuzaji asiweze kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, hivyo kodi inajificha ndani ya bei, jinsi ilivyojificha Texas. Bidhaa ya kiwango cha sifuri, yaani inayotozwa VAT ya asilimia 0 huku muuzaji akiruhusiwa kudai kodi ya manunuzi yake, haina tatizo hilo. Wanaopigania misamaha kwa vifaa vya umeme wa jua na gridi ndogo za vijijini wangefaidika kulikumbuka hilo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahili heshima. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na kodi ya mauzo ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha kodi za jimbo. Ukiisamehe gridi yote, shule na barabara zinapungukiwa, na pengo litazibwa na mtu. Nakubali. Jibu langu ni kwamba kama wabunge wanaona umeme uchangie hazina, waandike mchango huo kwenye bili, kwa jina lake na kiasi chake, ili mpiga kura ausome na auulizie. Kuutoza kwenye nguzo kunawafanya wananchi walipe zaidi ya kile hazina inachopata, na kunaifanya kampuni isiwe na sababu ya kulalamika, kwa kuwa kodi inaongeza mali inayolipiwa faida.

Suala hili litakua. Kufikia mwanzoni mwa 2014 Texas ilikuwa imejenga laini za kilovolti 345 zenye urefu wa maili 3,600 hivi kuleta umeme wa upepo kutoka magharibi, kwa takriban dola bilioni 7. Aprili 2025 tume ya huduma za umma iliidhinisha laini za kilovolti 765, msongo ambao jimbo hilo halijawahi kuujenga, kwenda kwenye visima vya mafuta vya Permian, magharibi mwa jimbo. Sehemu kubwa ya vifaa vyake ni minara na nyaya, yaani vitu vilivyotajwa kwa majina kwenye orodha ya kutozwa. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida miaka ya namba witiri, kuanzia Januari, kwa siku 140 tu, na mistari michache ya kifungu cha 151.318 ingetosha kubadilishwa kabla ankara za minara hiyo hazijaisha kulipwa.